Kumuaga Mhandisi wa Mtambo Uliovimbiwa

Mheshimiwa Meya wetu, Don Wenceslao Barrientos. Padri Eleuterio, mlezi wa roho zetu. Waheshimiwa wajumbe wa baraza. Wazee wa Mtaa wa Juu na wazee wa Mtaa wa Chini, mliokubali leo kuketi benchi moja bila kupimana mabega. Wauzaji wenzangu wa soko. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mhandisi Yunuén Arizmendi, uliyetaka kututoroka kimyakimya na basi la alfajiri ukasahau kwamba mkata tiketi ni mpwa wangu: habari za mchana.

Kwa wasionijua, mimi ni Ubalda Xolalpa. Natengeneza tortiya, chapati zetu za mahindi, mlangoni mwa soko, na nausemea Mtaa wa Juu, hata pale ambapo mtaa haukuniomba. Nimeombwa niseme kwa ufupi. Mheshimiwa Meya naye aliombwa hivyo hivyo, na sote tumeona: tumemaliza sahani ya mpungate wa nopali yeye akiwa bado kwenye salamu.

Ndugu zangu, mnakumbuka Yunuén alivyoingia hapa San Lorenzo? Alikuja kuuendesha ule mtambo wa gesi ulio nyuma ya soko, ule unaokula maganda yetu na kutuwashia majiko, na wengi wetu tulidhani wametuletea mtoto wa shule aliyepotea njia. Don Cástulo Mireles, muuza nyama ya kondoo na mwenyekiti wa Mtaa wa Chini, akamuuliza mbele ya wateja:

"Binti, umesomea nini hasa?"

"Vijidudu vinavyoishi kwenye samadi, Don Cástulo."

"Chuo kikuu? Kusomea mavi?" Akatugeukia. "Jamani, kumbe mimi ni profesa na sijaambiwa!"

Tulicheka, naye akacheka kuliko sisi. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Siku moja nilimwomba anieleze kinachotokea mle ndani, maana mimi sipendi kupikia moto nisioujua ukoo wake. Akaketi juu ya gunia langu la mahindi. "Mle ndani hamna hewa, Doña Ubalda, na wanaoishi mle hawaitaki. Wa kwanza huyakatakata majani na maganda mpaka yanakuwa sukari. Wa pili wanakula ile sukari, wanatoa asidi. Wa tatu wanakula asidi hizo, wanatoa siki na haidrojeni. Halafu wapo wa mwisho. Hao wanakula siki na haidrojeni, na pumzi yao ndiyo methani, hiyo inayowaka chini ya sufuria lako."

"Kwa hiyo kila mmoja anakula kinyesi cha mwenzake?"

"Ndiyo, mama."

"Na hawagombani?"

"Watagombana saa ngapi? Hao wa tatu, haidrojeni ikiwajaa, hawawezi kula tena. Chakula kiko mbele yao, lakini wamekwama, mpaka wa mwisho waje kuiondoa. Na wa mwisho wasipoletewa hiyo haidrojeni, watakula nini? Ukimtenga mmoja, na mwenzake anakufa."

Nikamwambia, "Basi hao si wenyeji wa San Lorenzo."

Sasa, Mheshimiwa Meya, naomba ushike kiti vizuri, maana nafika kwako.

Mwaka jana, sikukuu ya mtakatifu wetu ilipokaribia, kiongozi wetu alipata wazo. Mimi siku zote huogopa kiongozi anapopata wazo, maana hulipata yeye na kulibeba ni sisi. Akatangaza shindano: mtaa utakaoleta taka nyingi zaidi kwenye mtambo ndio utakaobeba sanamu ya San Lorenzo mbele ya maandamano. Je, kuna mtu hapa asiyejua sanamu ile ina uzito gani mioyoni mwetu? Mababu zetu walivunjana meno kwa ajili yake.

Basi tukaulisha mtambo sumu kwa furaha. Mtaa wa Juu tulileta maganda ya kila jiko. Mtaa wa Chini wakaenda soko kuu la mjini wakarudi na lori la mananasi yaliyooza. Sisi tukajibu kwa mapapai. Wao wakajibu kwa mikate mikavu. Nani aliyemwaga mapipa ya pombe ya pulke iliyochacha? Simtaji, ila ameketi karibu na Padri na amevaa kofia mpya.

Yunuén alisimama mbele ya mdomo wa mtambo, mikono ameitanua kama golikipa. "Mheshimiwa, simamisha hili jambo! Watoa asidi ni wepesi, wanaokula siki ni wazito. Mkiwajazia sukari namna hii, asidi itatoka haraka kuliko wa mwisho wanavyoweza kuila, nayo itawaua."

Meya wetu akampigapiga begani. "Mhandisi, hesabu ni rahisi. Tumbo likipewa zaidi, hutoa zaidi."

"Hilo nalishuhudia," Don Cástulo akadakia. "Muulizeni mke wangu."

Na tukaendelea kumwaga.

Moto haukufa ghafla. Ulianza kurukaruka, ukaachana na jiko kama mtu aliyekasirika, kisha ukagoma kuwaka. Mchuzi wangu wa mole ulikuwa nusu mbichi nusu umepoa. Harufu ya siki ikatambaa mpaka altareni, na Padri akafupisha misa, jambo ambalo hata kipindupindu hakijawahi kulifanya. Ndugu zangu, mtakatifu wetu alibanikwa juu ya makaa kwa ajili ya imani, na sisi, kwenye sikukuu yake, hatukuwa na moto wa kubanika kitunguu!

Baraza likaitwa. Hapa naomba tusicheke kidogo.

Mheshimiwa Meya alisema, "Tulimwajiri mhandisi atupe gesi. Gesi hakuna. Mnataka nifanye nini?" Yunuén alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani. Hakujitetea. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupasulia paa, mnanijua, lakini kabla sijafungua mdomo, mtu mwingine alisimama. Alikuwa Don Cástulo.

"Mheshimiwa," akasema, "binti huyu alisimama mbele ya lori langu. Nikamwambia asogee, la sivyo nitamwaga mananasi juu ya viatu vyake. Hakusogea. Nikamwaga." Akavua kofia yake. "Mkimfukuza yeye, na mimi nifukuzeni. Ila sijui mtanifukuzia wapi, maana nimezaliwa hapa."

Na hapa, Mheshimiwa, nakusifu bila utani. Wangapi wenye cheo kama chako wangekubali kumeza neno walilokwisha kulitema? Wewe ulimeza. Ulimgeukia ukauliza, "Mhandisi, unahitaji nini?"

Akainua uso. "Kwanza, msiulishe kitu. Ufunge, kama Kwaresima. Pili, nataka yale maji ya chokaa ambayo akina mama wa Mtaa wa Juu wanachemshia mahindi ya tortiya. Tutayamimina kidogokidogo, uchachu upungue. Tatu, nataka samadi mbichi ya ng'ombe, ingali na joto, maana imejaa wale wa mwisho, nasi wetu tumewaua." Na ng'ombe wote, kama mjuavyo, wako Mtaa wa Chini.

Don Cástulo akakunja uso. Uungwana wake wa siku ile ulikuwa umekwisha. "Ng'ombe wangu hawanyei kwa ajili ya Mtaa wa Juu."

"Basi nya wewe," nikamwambia.

Padri, nisamehe. Lakini si wewe uliyeanza kucheka?

Na kicheko kile kikatufungua. Sikukuu tulipikia kuni, mitaa yote miwili uani mwa kanisa, kwa sababu kuni za mtaa mmoja hazikutosha hata kuivisha maharage. Meya mwenyewe alipepea moto kwa kofia yake, machozi yakimtoka, akidai ni moshi. Sanamu ilibebwa na wa juu upande wa kulia na wa chini upande wa kushoto, ikaenda imepinda njia nzima, na mtakatifu hakulalamika.

Kisha tukasubiri. Asubuhi naleta ndoo ya chokaa, nakutana na Don Cástulo na toroli lake. Mwanzo hatukusalimiana. Baadaye tukasalimiana kwa matusi. Baadaye nikawa namwekea tortiya za moto kwenye kitambaa, naye ananiachia kipande cha nyama, na kila mmoja anasingizia kwamba kilibaki. Yunuén alikuwa akipima, akinusa, akitikisa kichwa: "Bado." Kuna siku nilidhani hata yeye ameacha kuamini. Hadi asubuhi moja aliwasha kiberiti kwenye jiko la majaribio, na ulimi mdogo wa bluu ukainuka, ukatulia. Alichuchumaa pale chini akauangalia kama mtu aangaliavyo mtoto aliyepona homa. Don Cástulo akamgongea yai, akalikaanga juu ya moto ule, akasimama hapo hapo mpaka binti alipomaliza kulila.

Leo Yunuén anakwenda Toluca kuendesha mtambo mpya, mkubwa kuliko soko letu zima. Tulimuuliza anataka zawadi gani. Tulikuwa tayari kwa shali, kwa sufuria, kwa mbuzi hata. Akajibu kwamba mtambo ule ni mtupu, hauna hata kijidudu kimoja, na anaomba mbegu kutoka kwetu: uji wa ndani ya mtambo wetu, ndoo chache tu, kwa sababu anawajua hawa na anawaamini. Mwanangu, hujui ulivyotuheshimu. Ndoo zilijazwa na mitaa yote miwili, na tuligombana juu ya nani afunge vifuniko, kwa hiyo sina hakika vimefungwa vizuri.

Dereva wa basi alizikataa ndoo hizo. Mheshimiwa Meya, habari hii unaisikia sasa hivi pamoja na wageni wengine: zimeshapakiwa kwenye gari lako, kiti cha nyuma, na Yunuén atakaa mbele. Usikimbize sana kwenye kona.

Ninyi nyote, nawashukuru kwa kunitegea masikio. Nyama inapoa, karibuni mezani.