Mama Scola na Mkunga Aliyefuta Majina

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Scola Kauzeni anastaafu kazi katika Umoja wa Zahanati za Nyanda na Bonde, makao makuu Sumbawanga. Anaondoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA. Alipoingia alikuwa karani wa kadi za wagonjwa, na kompyuta ya ofisi ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

Wasifu wa namna hii huwa tunauandika kwa sukari nyingi. Mhariri wa jarida ameniomba nifanye hivyo hivyo, na Mama Scola mwenyewe amenikataza. Kati ya hao wawili, ninayemwogopa ni mmoja. Mtanisamehe.

Yanayochekesha yapo, tena mengi. Kijana aliyempita koridoni na "mambo" alirudishwa mpaka mlangoni aanze upya na shikamoo. Mwenye soda mkononi hakuingia chumba cha seva hata angekuwa mkurugenzi. Mle ndani, viyoyozi vikishirikiana na baridi ya Juni, alivaa sweta mbili na kitenge juu yake, na mchana alifungua hotpoti la ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando akatuamuru tule. Alisema kwa wembamba wetu tunamwaibisha mbele ya wageni.

Umoja ulipoamua kuwa na wingu lake wenyewe, yaani seva zikae hapa hapa mjini na zahanati zote zisome humo kumbukumbu za wagonjwa, kazi ilimwangukia yeye. Seva mpya huja tupu, bati na nyaya, haina programu hata moja. Zamani fundi alikaa mbele ya kila seva na kibodi magotini, akiingiza programu moja moja kutwa nzima, na umeme ukikatika anaanza upya. Mama Scola akatenga seva moja ya kuziandaa nyingine zote. Unachomeka mashine tupu kwenye mtandao na kuiwasha, nayo inauliza mtandaoni yenyewe ni nani. Ile seva inaijibu, inasafisha diski zake, inaipa jina na programu zote, na wewe unakwenda zako kunywa chai. Tukaibatiza Mkunga. Siku Mkunga alipozalisha seva sita kwa mpigo tulipiga vigelegele mpaka mhasibu akaja kuuliza nani anaolewa.

Mkunga hakumuuliza mtu chochote kabla ya kusafisha. Mama Scola aliusuka mfumo hivyo kwa makusudi, maana wakubwa walikuwa wamechoka kusubiri, na alijivunia sana.

Humo chumbani zilibaki seva mbili za zamani, zilizowekewa programu kwa mkono kabla Mkunga hajakuwepo. Moja ilibeba kumbukumbu za wagonjwa wote, ya pili nakala rudufu. Mkunga hakuzijua, na kwa mpangilio zilizotoka nao kiwandani, zote mbili zikiwashwa ziliuliza mtandao kwanza kabla ya kutazama diski zao. Hakuna aliyeliona hilo kwa sababu hazikuwahi kuzimwa. Umeme ukikatika, jenereta lilizishika. Mama Scola alikuwa na mpango wa kuzihamisha. Ndipo mumewe, Mzee Leonardi, akaanza kuumwa ini, na mwanamke akawa analala hospitali na kushinda kazini.

Mzee Leonardi alifariki Februari 2019. Ofisini kwetu mfiwa hatumpelekei wawakilishi. Tunafunga, tunakwenda wote, na kumwacha hata mmoja nyuma tunahesabu ni kumdharau aliyefiwa. Mzee Isdori, meneja utumishi wetu, mtu mwenye roho nzuri kuliko wote niliofanya nao kazi, akakumbuka kwamba ni msimu wa radi na hatakuwepo mtu wa kukimbilia jenereta. Akaamuru kila kitu kizimwe, mpaka swichi kuu. Tukazima, tukapanda magari kushuka Ilemba, kijiji cha marehemu huko bondeni, tukamzika mume wa mwenzetu kwa heshima zote.

Kesho yake tukawasha umeme. Seva zile mbili ziliamka, zikauliza, na Mkunga akazijibu na kuzisafisha kama alivyofundishwa. Muuguzi wa kwanza kufungua mfumo asubuhi ile alikuta sentensi hii: Karibu, hakuna mgonjwa aliyesajiliwa. Katika taarifa yake Mkunga alikuwa ameandika kazi imekamilika, hitilafu hakuna. Jamani!

Umlaumu nani? Tulikwenda kuzika. Hatukumwambia mpaka alipomaliza matanga, na aliyemwambia ni Mzee Isdori, huku analia. Mama Scola hakulia. Alikaa mbele ya Mkunga na nguo zake nyeusi, akaisoma taarifa ile mwanzo hadi mwisho, kisha akasema tuanze kutafuta kadi za makaratasi.

Kadi zilikuwepo kwa bahati. Kwingine zilitunzwa, kwingine zilikuwa zimeliwa na mchwa au kuwashiwa moto, kwa sababu sisi wenyewe tuliwaambia wauguzi kwamba kila kitu sasa kiko kwenye wingu. Zahanati ya Mtowisa, kule bondeni, hazikubaki. Na Mtowisa ndiko alikokuwa Coleta, mkulima wa mpunga, mama wa watoto wanne, ambaye mwili wake ulikuwa unakataa penisilini. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa herufi nyekundu kwenye kumbukumbu yake, nayo ilikuwa imefutika. Aliletwa zahanati na majirani akiwa na homa ya mapafu, hawezi kusema. Mumewe, Alois, alikuwa mbali na mifugo. Muuguzi alitazama kwenye kompyuta, hakuona kitu, akamchoma sindano ya penisilini. Coleta alifariki kabla mumewe hajafika.

Hakuna aliyemtuma Mama Scola Mtowisa. Alikwenda mwenyewe, kwa barabara ile mnayoijua, akiwa bado na nguo za kumlilia mumewe. Alimkuta Alois msibani, akamweleza mbele ya ndugu zake kwamba mtambo uliofuta habari za mkewe aliutengeneza yeye, na kwamba hakuufundisha kuuliza kabla ya kufuta. Tuliyapata hayo kwa muuguzi, si kwake. Alois alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aondoke. Akaondoka.

Wengi tulidhani ataacha kazi, na wapo waliomshauri hivyo, eti aitunze afya yake. Aliwatimua. Akazunguka zahanati moja baada ya nyingine, bondeni na ziwani, akikusanya kadi, na pasipo na kadi akawahoji wagonjwa wenyewe chini ya kibaraza. Wengi walirudi kwenye mfumo. Wapo ambao hawatarudi kamwe, na hilo halimtoki kichwani mpaka leo.

Kisha akamsuka Mkunga upya. Sasa mashine yoyote inayoamka inangoja. Lazima watu wawili waende wasimame mbele yake, wasome namba iliyochongwa kwenye bati lake, na Mkunga anauliza kwa maandishi makubwa: Humu ndani kuna watu? Mpaka wote wawili wajibu, hakifutwi kitu. Nakala rudufu inakaa Kirando, kwenye jengo lake na umeme wake. Vijana wananung'unika kwamba wenzetu mijini wanaandaa seva mia kwa kubonyeza mara moja. Anawajibu waende huko mijini. Alipoumaliza mfumo huo alishuka tena Mtowisa, akamweleza Alois ulivyo. Anasema siku hiyo hakufukuzwa, ila hakukaribishwa kiti.

Leo wingu letu linahudumia kila zahanati ya Umoja, na tangu wakati ule halijapoteza mgonjwa hata mmoja. Hayo ndiyo mafanikio yake, na kwa hayo tunamshukuru kwa moyo wote. Tunampenda, na kwa kuwa yeye si mtu wa kuambiwa hivyo usoni, namwambia hapa.

Kwenye sherehe ya kumuaga, Mama Scola aliomba mgeni mmoja tu. Ilibidi nishuke Mtowisa kumwalika. Alois alinipa kiti na maji, akaniambia hatakuja. Alisema nisimdanganye mtu huko juu, hajasamehe, na hajui kama atasamehe. Kisha akaniuliza kama ule mtambo bado unauliza. Nikamjibu kwamba unauliza, na kwamba mama mwenyewe ametuapisha tusije tukauondolea swali hilo hata akiwa hayupo. Akasema, basi mwambieni apumzike.

Mama Scola, sisi tulikuwa tumekuandalia maneno mengi ya kukutakia heri, lakini hayo ya Mtowisa yanatosha. Asante kwa yote. Nenda Ilemba salama, mama, ukapumzike.