Lajbar Dawar na Hesabu ya Mikate

Tarehe 30 Septemba 2023, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bwana Lajbar Dawar anakabidhi funguo za stoo ya kituo chetu cha utafiti hapa Peshawar. Stoo hiyo ina utaratibu kuliko ilivyowahi kuwa ofisi ya mkurugenzi. Nina haki ya kusema hivyo, maana mkurugenzi nilikuwa mimi.

Vijana wanamjua kama mzee wa stoo. Wengi hawajui kwamba alikuwa mtafiti wetu bora. Miaka ile ndege zisizo na rubani zilipokuwa zikiwashambulia wanamgambo huko Waziristan, nyumbani kwao Lajbar, wafadhili walitaka kujua kama mashambulizi hayo yanawadhoofisha kweli. Lajbar alipanda pikipiki yake, iliyokohoa kuliko ninavyokohoa sasa, akaenda kunywa chai ya kijani na waoka mikate. Swali lake lilikuwa moja: nyumba ya wapiganaji huchukua mikate mingapi kila asubuhi?

Nilimcheka mbele ya watu. "We Lajbar! Nimekutuma idadi ya waliokufa, unaniletea mikate?"

"Daktari Sahib, waliokufa hawali," akajibu. "Mimi nawahesabu wanaokula."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Lakini majibu yake yalikuwa mazito. Katika mashambulizi kumi na moja, mara mbili mikate ilipungua na haikurudi tena. Mara tisa ilipungua kwa wiki chache, kisha ikazidi ya mwanzo, hasa pale walipouawa watu wasiohusika.

Niliogopa wafadhili wasingezipenda zile tisa. Mwaka 2010 niliificha habari ya mikate kurudi na kuzidi, nikaandika kwamba yote kumi na moja yamefaulu. Gazeti moja lilipogundua hesabu haikai sawa, nilisema Lajbar ndiye aliyekosea. Akapewa barua ya onyo na funguo za stoo. Hakunishtaki. Asubuhi iliyofuata aliniletea kalamu mpya, akanitaka nisaini kwamba nimeipokea.

Madaktari hawanipi matumaini ya kuiona theluji ya mwaka huu, kwa hiyo naandika wazi: Lajbar hakukosea. Mimi nilidanganya. Bodi imeliondoa lile onyo kwenye faili lake, na jedwali lake kamili limechapwa ukurasa unaofuata, kwa jina lake.

Sasa anarudi kwao Waziristan, mjini Miranshah, ambako binamu yake ana tanuri la mikate. Ahsante, Lajbar, na unisamehe. Uamke bila haraka, ule mkate ungali moto, wala usihesabu.

Dkt. Inayatullah Bangash