Kura ya Kichwa cha Gundi

Nakuambia mapema ili usije kusema nilikuficha: siku ile kijiwe kizima tulishindwa, na sijawahi kufurahia kushindwa kama siku ile. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa duka la vipuri vya baiskeli, likitazamana na geti la hospitali lililo ng'ambo ya barabara. Mimi ndiye mwenye kahawa, wananiita Mama Birika. Kwenye benchi anakaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Anakaa Profesa, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa mshika funguo wa chuo, na anaamini elimu ilimwingia kila alipofungua mlango. Anakaa Kaka Mkubwa, seremala, mtu mpole, macho yamejaa usingizi siku zote. Na hatua mbili kutoka benchi, kwenye kigoda chake, anakaa mdogo wake, Gundi, fundi viatu. Miaka mitatu iliyopita Gundi alilazwa hapo ng'ambo kwa sababu alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Akatibiwa, akatoka, akarudi kwenye sindano na uzi wake.

Sasa ujue na desturi yetu. Pale hakuna jambo linaloachwa hewani, kila kitu tunakipigia kura kwa vikombe. Anayekubali anaacha kikombe kimesimama, anayekataa anakipindua kifudifudi. Tumewahi kupiga kura kama Breki aoe tena. Akashindwa kwa kura zote, ya kwake ikiwemo.

Asubuhi ile Kaka Mkubwa alikuja na karatasi imekunjwa mara nne.

— Jamani, akasema, watu wa utafiti wa ubongo wanakuja saa nne kumchukua mdogo wangu. Wanataka kumwekea waya kichwani, eti unaweza kunyamazisha zile sauti zisirudi tena. Nimeshaweka saini. Lakini tangu jana roho haijatulia.

— Waya! Breki akaruka. Waya wa nini? Wa betri?

— Mwembamba. Unapita kwenye fuvu mpaka ndani.

— Mimi nimeendesha malori miaka thelathini, nisikilizeni. Ukishaona waya, tafuta swichi. Na ukishaona swichi, jiulize anayeishika nani. Huyu bwana atakuwa anawashwa asubuhi na kuzimwa jioni!

— Acha ushamba, Profesa akakohoa, kile kikohozi chake cha mimbarini. Waya hauwashi, waya unasoma. Kila unachowaza kinatokea kwenye televisheni, na maandishi chini. Ukimuwaza mke wa mtu, hapo hapo inachapwa barua.

— Barua inakwenda kwa nani?

— Kwa mwenye mke! Sayansi haina upendeleo.

Nikamwona Breki anahesabu dhambi zake kwa vidole. Halafu akageuka taratibu kumtazama Gundi, aliyekuwa ameinama anatia uzi kwenye soli.

— Hebu ngojeni. Huyu kakaa hapa siku zote hizi. Yote tuliyoongea kwenye benchi hili yamo mle kichwani. Yale niliyosema kuhusu mama mkwe wangu...

— Yamo, Profesa akasema.

— Na ile safari niliyomwambia mke wangu lori limeharibika?

— Imo. Na tarehe.

— Basi wakifungua kichwa cha Gundi wametufungua sisi wote! Mimi sikubali. Mtu asitobolewe kichwa akatuaibisha watu wazima.

— Mimi nakubali, Profesa akasema, akijivuta suruali kama anayesubiri kupigwa picha. Nadharia zangu zote nimezisema mbele yake, na hakuna aliyeziandika. Zikitoka mle zitaingia vitabuni. Hata mashine watatengeneza, inashona viatu kwa mikono ya Gundi na inazungumza kwa hekima yangu.

— Hiyo mashine itafilisika siku ya kwanza, nikasema.

Tukacheka. Gundi naye alitabasamu, bila kuinua kichwa. Na sasa ninavyokusimulia, kicheko kile kinanichoma.

— Nyinyi mnacheka, Kaka Mkubwa akasema. Mimi ndiye niliyemkimbiza hospitali hana viatu. Mimi ndiye ninayelala sikio moja liko macho, nasikiliza kama anaongea peke yake chumbani. Mkinitazama mnaona nimemchoka. Sijamchoka. Nimechoka kuogopa.

Nikamimina raundi nyingine, nikasema yaishe, pigeni kura.

Breki akapindua kikombe. Profesa akaacha chake kimesimama. Kaka Mkubwa akaacha chake. Mimi nikapindua changu, kwa sababu hospitali ninaiogopa toka utotoni, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote.

— Sare, Profesa akatangaza. Mbili kwa mbili. Kwa mujibu wa sheria tunarudia.

— Kahawa yenyewe imebaki ya kurudia mara moja tu, nikasema.

Wakati wote huo kulikuwa na dada mmoja ameketi mwisho wa benchi, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine uko wazi juu ya gazeti. Kiatu chake cha pili ndicho kilichokuwa mikononi mwa Gundi. Hatukumjua. Alikuja tu kushonewa mkanda uliokatika barabarani.

— Samahani, akasema. Mimi mgeni, sijui taratibu zenu. Huyu anayetaka kuwekewa waya ni fundi huyu huyu?

— Ndiye, dada.

— Na kura ni ya kikombe?

— Ya kikombe.

— Sasa kikombe chake kiko wapi?

Nilitazama sinia langu. Vikombe vinne. Nikamtazama Breki, Breki akamtazama Profesa, Profesa akatazama mawingu. Nilisikia sindano ya Gundi ikipita kwenye ngozi, inaingia, inatoka.

Ukweli ni huu, nausema kwa aibu. Gundi alipotoka wodini, Profesa alitangaza kwamba kahawa inagombana na dawa za akili. Hakumuuliza daktari, hakumuuliza Gundi, alitangaza tu. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaacha kumwekea kikombe. Asiye na kikombe hana kura. Tangu siku hiyo tumeamua mengi juu ya yule mtu akiwa hatua mbili kutoka tulipo: kigoda chake kikae wapi, apokee kazi za wateja gani. Tuliamua hata kisu chake cha kukatia ngozi kikakae kwa kaka yake. Fundi viatu, anakata soli kwa mkasi wa nguo, vidole vimeota sugu. Na sisi tulijiita rafiki zake.

— Ni kahawa, nikasema kwa sauti ya chini. Inagombana na dawa.

— Haigombani, Gundi akasema.

Tukageuka wote.

— Nilimuuliza daktari wangu mwaka juzi. Alisema kikombe kimoja asubuhi hakina neno.

— Mwaka juzi! Sasa mbona hukusema?

— Mlikuwa mmeshapiga kura.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepona haraka zaidi. Dada wa kiatu kimoja akainamisha uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nilikuwa nahangaika kusuza kikombe changu nimpe Gundi, pale geti la ng'ambo lilipofunguka. Akatoka daktari mwanamke, koti jeupe, faili kwapani, akavuka moja kwa moja mpaka kwetu. Kaka Mkubwa alisimama akataka kumpokea.

— Daktari, karibu. Kila kitu tayari, saini yangu hii hapa.

— Ahsante, mzee, akasema akiisoma. Lakini humu umeandika kwamba mdogo wako hawezi kujieleza. Sheria yetu inanitaka nihakikishe kwa macho yangu kabla sijafika popote. Ndugu yangu, akamgeukia Gundi, unaweza kuniambia kwa maneno yako, sisi tunataka kukufanyia nini?

Gundi akaweka kiatu chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

— Mnataka kutoboa hapa, juu ya sikio, mpitishe waya mpaka ndani. Betri ikae chini ya ngozi hapa kifuani. Umeme mdogo upite, mwone kama sauti zitanyamaza. Hamjui kama zitanyamaza. Ndiyo maana kwenye fomu mmeandika utafiti, hamkuandika matibabu.

Kaka Mkubwa akamgeukia.

— Umeiona wapi fomu?

— Uliificha kwenye debe la misumari, kaka. Nimeisoma mara nne. Na viatu vya nusu ya wafanyakazi wa huko vinapita kwangu. Mtu akishavua viatu anaongea kama mimi ni kiziwi.

Daktari alikwishafungua faili, lakini hakuwa anaandika chochote. Gundi akatoa chini ya kigoda kipande cha ngozi ya soli, kimeandikwa kwa chaki herufi ndogo ndogo. Nilikiona kipande kile wiki nzima, nikidhani ni vipimo vya miguu ya watu.

— Nina maswali. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kama ninayo, basi nimeyaweka. La kwanza. Wangapi wameshawekewa, na leo wako wapi?

— Kumi na mmoja. Saba wanasema wamepata nafuu. Wawili hawakuona tofauti. Wawili tumewaondolea waya kwa sababu ya maambukizi.

— Vizuri. La pili. Mkishapata majibu yenu mkafunga mafaili, betri ikafa kifuani mwangu, nani ataitoa?

Daktari akapekua faili mpaka ukurasa wa mwisho.

— Hilo... sijui. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya.

— La tatu. Yatakayorekodiwa kichwani mwangu ni mali ya nani?

— Ya mradi.

— Siri zetu, mali ya mradi!

Hiyo ilikuwa sauti ya Breki. Dada wa kiatu kimoja alimnyamazisha kwa kidole, na Breki, kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi, alinyamaza.

— Basi nimeamua, Gundi akasema. Waya wa ndani sitaki. Labda ni mzuri, labda siku moja nitautaka, lakini leo hamna jibu la swali la pili, na mimi ndiye nitakayebaki na betri. Ile kofia yenu ya kupimia, inayovaliwa juu ya nywele, hiyo nitakuja kuivaa. Ile naivua mwenyewe nikichoka.

— Mdogo wangu, Kaka Mkubwa akasema. Na zikirudi?

— Zikirudi nitakuambia wewe kabla ya mtu yeyote. Utanipeleka wewe. Lakini uwe unaniuliza, kaka. Usiniamulie. Na lala usingizi, mimi nikiongea peke yangu chumbani mara nyingi nahesabu viatu vya kesho. Na kisu changu nirudishie leo.

Kaka Mkubwa alimshika mabega, akalia mbele ya watu, seremala mzima mwenye ndevu. Daktari akachukua ile karatasi yenye saini, akapiga mstari kutoka kona mpaka kona, akaandika juu yake: mhusika ana uwezo kamili wa kuamua, amekataa.

Weee! Ungekuwepo! Breki alirusha kofia ikaangukia ndani ya birika, na ndivyo kahawa ilivyokwisha. Profesa alipiga makofi huku akiniambia sikioni kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Mwenye duka la vipuri alitoka akapiga kengele za baiskeli zote alizokuwa nazo, hajui hata tunashangilia nini. Mimi niliimba. Kura yetu ya sare ilikuwa imepigwa chini na mtu mmoja asiye na kikombe, na nilijihisi nimeshinda mimi.

Daktari peke yake hakushangilia. Alikuwa amekikodolea macho kile kipande cha ngozi.

— Kamati yetu ina watu tisa, akasema. Tumekaa na mradi huu mwaka mzima na hakuna aliyeuliza hilo la pili. Naomba nikichukue niwaonyeshe.

— Hapana, ngozi hii ni ya kiatu cha mtu, anakifuata saa sita. Nakili.

Basi daktari akakusanya koti lake jeupe, akachuchumaa mavumbini kando ya kigoda, faili juu ya goti. Gundi akaanza kumsomea, polepole, kama mwalimu wa imla. Benchi zima tukainama kusikiliza.

— La nne, andika. Mtu akisema basi, hata kama waya umeshaingia, mtaacha.

Daktari akaandika. Gundi akanyoosha shingo, akasoma kilichoandikwa, akatikisa kichwa.

— Hapo umeandika mtajaribu kuacha. Futa.

Daktari akafuta.

— Andika mtaacha.

Akaandika.