Papa Édouard Bolamba na Cheti Chenye Majina Mawili

Mama Germaine, watoto, ndugu wa Yanonge mliopanda na mto tangu juzi, mafundi wa minara, wastaafu wa Kapalata, majirani wa Mangobo, familia imenipa mimi Hubert, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu. Kabla sijaanza niseme wazi kwamba karatasi hii aliisahihisha mwenyewe kitandani, akafuta sifa tatu nilizomwandikia, akaniamuru niweke aibu moja ambayo sikuitaka, basi mkisikia jambo lisilozoeleka msibani, msinilaumu.

Papa Édouard Bolamba alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa Papa Léon, mvuvi na mchuuzi wa samaki wa moshi, na Mama Berthe, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Yanonge kuanzia 1974 hadi 1980, na ni katika miaka hiyo alipoifungua redio ya baba, akashindwa kuifunga, akala fimbo, na kesho yake akaifungua tena. Mwaka 1980 alikuja Kisangani kusomea umeme katika shule ya ufundi, akafika darasa la nne, lakini mwaka 1984 baba aliugua na masomo yakakatika, akarudi mtoni kwa miaka minne, ila nyavu hazikumpenda wala yeye hakuzipenda.

Tarehe 9 Septemba 1988 aliingia jeshini, akapelekwa Kinshasa kujifunza kutengeneza redio za mawasiliano kwa miezi kumi na minane, na mwaka 1991 akapangiwa karakana ya Kapalata. Alikaa huko zaidi ya miaka ishirini, serikali zilibadilika, jeshi likabadilishwa jina, meza yake ikabaki pale pale.

Mwaka 1994 alipewa mwenzake wa kazi, Papa Dady Basele, mtu wa Barumbu, na hapo nawaomba mnisikilize vizuri. Katika karakana ile mafundi walifanya kazi wawili wawili, mmoja akifungua redio na kuitengeneza, mwingine akiipima, kwa sababu aliyetengeneza hakuwa na ruhusa ya kusema kwamba imepona, kisha wote wawili walitia sahihi kwenye mstari mmoja wa daftari. Kwa miaka kumi na minane kaka yangu na Papa Dady walikuwa chanda na pete, na hakuna redio iliyotoka mikononi mwa mmoja bila kupita mikononi mwa mwingine.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Mama Germaine, Mungu akawajalia watoto wanne, Georgette, Falonne, Landry na Rosine, wote wako hapa mbele yenu, na wajukuu watatu.

Tarehe 30 Juni 2012 Papa Édouard na Papa Dady waliachishwa jeshi kwa heshima. Askari akitoka hurudisha sare, hurudisha silaha, lakini ufundi hutoka nao, shida ni kwamba huku uraiani hakuna anayeuona mpaka uoneshe karatasi, na kwa kuwa kazi yao yote ilikuwa kwenye mstari mmoja, waliandikiwa cheti kimoja chenye majina mawili. Wangeweza kurudi kuomba cha pili, hawakurudi, walicheka, wakaona fahari badala ya kuona hatari, cheti kikawekwa nyumbani kwa Papa Dady, nao wakafungua meza ya kutengeneza redio na simu katika soko la Mangobo.

Januari 2013 kampuni moja ya minara ya simu ilitangaza kwamba inatafuta fundi, na siku hizo Papa Dady alikuwa Barumbu akimzika mama yake. Kaka yangu alikwenda kwa Mama Kadidja, mke wa Papa Dady, akaomba cheti akisema anakwenda kuwasemea wote wawili, na Mama Kadidja akampa bila kuuliza, maana nani angemuuliza Édouard. Alhamisi tarehe 24 Januari injinia wa kampuni alikisoma cheti, akauliza yule wa pili yuko wapi, kwa sababu nafasi ilikuwa moja na alitaka kuwaona wote ndipo achague. Kaka yangu alijua kwamba pale Kapalata redio zilizowashinda wengine zilipelekwa kwa Dady, alijua pia kwamba Mama Germaine ana mimba ya Rosine, akajibu kwamba yule wa pili amekufa.

Hiyo ndiyo aibu aliyoniamuru niisome.

Papa Dady aliporudi baada ya wiki mbili alikwenda kuulizia kazi hiyo mwenyewe, akaambiwa kwamba mwenye jina hilo ni marehemu, akafukuzwa mlangoni kama mwizi anayetaka kula kwa jina la maiti. Kaka yangu alimwambia kwamba bila shaka ni makosa ya makarani, akampa pole, na Papa Dady akarudi kwenye meza ya sokoni, ambako yuko mpaka leo.

Tangu tarehe 4 Februari 2013 hadi tarehe 16 Desemba 2022 Papa Édouard aliitumikia kampuni ile, akapanda minara ya barabara ya Banalia kwa jua na kwa mvua, akajifunza betri, jenereta na kompyuta akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 2017 akawa mkuu wa kikosi. Nyumba aliijenga, watoto aliwasomesha, hayo hayafutiki, lakini mimi niliyekaa naye karibu nasema hakuna hata moja kati ya hayo alilolifurahia mpaka mwisho.

Kila Jumapili Papa Dady na Mama Kadidja walikula nasi, na Papa Dady, ambaye hajawahi kuacha utani, aliinua sahani yake ya kisamvu akisema, « Muniongezee pondu, mufu iko na njala. » Tulicheka wote, watoto wakamwita Tonton Mufu, yaani Mjomba Mfu, na kaka yangu alikuwa akiinuka kwenda kunawa mikono ambayo alikuwa ameshainawa. Kwa miaka kumi na miwili sisi tulidhani ni usafi.

Shinikizo la damu lilimwanza Agosti 2022, likaharibu figo, akalazwa mara tano. Jumapili tarehe 28 Septemba mwaka huu 2025 alituita mimi na Mama Germaine, akatueleza yote, akasema atamwambia Dady mwenyewe Jumapili inayofuata. Tarehe 5 Oktoba Papa Dady alikaa kando ya kitanda, kaka yangu akafungua kinywa, akauliza kama maji ya mto yamepanda. Tarehe 12 aliuliza vile vile. Jumatano tarehe 15 Oktoba, saa nne asubuhi, alikata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Wakubwa wa familia walisema jambo hili tulizike pamoja naye. Mama Germaine alikataa, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi msimfichie tena. Basi jana nilikwenda sokoni kwa Papa Dady, ili asilisikie kwanza hapa mbele za watu, nikamsomea. Alikuwa na simu ya mtu mkononi, akaimaliza mpaka skrubu ya mwisho, kisha akaniambia, « Hubert, mimi nilijua tangu ule mwaka, sentinelle, mulinzi wa ile mulango ya kampuni, alinieleza ni nani alisema nimekufa. Kila dimanche nilikuwa nasema ile maneno ya mufu, ilikuwa juu ya kumufanya yeye aseme. Nilikuwa namufungulia mulango. Hakuingia. Kazi nilisha kuisahau, donc kama niko na hasira, iko juu ya ile miaka tulipoteza. » Ameruhusu niyasome maneno yake kama alivyoyasema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miaka mitatu, majirani wa Mangobo mliobeba viti na maji tangu Jumatano, mafundi wenzake wa minara mliochimba kaburi kwa mikono yenu, na askari wastaafu mliokesha nasi.

Papa Dady Basele, umesimama karibu na jeneza tangu asubuhi, na mbele ya watu wote hawa familia ya Bolamba inatamka, kwa sauti ambayo kaka yetu hakuipata, kwamba tarehe 24 Januari 2013 ulikuwa hai.

Kaka Édouard, limesemwa. Ulale sasa kwa amani.