Beseni la Buluu la Mama Domitille Mushiya

Ijumaa hii, tarehe 4 Julai, Mama Domitille Mushiya anarudisha ufunguo wa maabara ya lise yetu, shule yetu ya sekondari, baada ya kuutunza kwa miaka thelathini na moja. Alipoanza kazi, walimu wetu wengi walikuwa bado wanakalia madawati. Wawili kati yao, yeye ndiye aliyewafundisha kuosha vioo vya majaribio bila kuvivunja.

Mama Domitille alizaliwa hapa Kolwezi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, naye alitamani binti yake apate kazi ya kumrudisha nyumbani na nguo safi. Tamaa hiyo haikutimia kabisa: sote tunalijua koti jeupe la Mama, lenye madoa ya kila rangi.

Lakini huwezi kuitaja maabara bila kulitaja tangi la kioo. Miaka kumi na minne iliyopita, mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliliachia lise tangi lake la samaki wa baharini. Hakuna aliyejua la kulifanyia. Bahari iko mbali nasi kila upande, na chumvi yenyewe huja kwa ndoo kutoka Lubumbashi. Mama alijitolea. Alijifunza kuchanganya maji kwa kukosea na kurudia, na samaki wakaishi.

Anayejulikana zaidi ni Kapita, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Aliitwa hivyo kwa sababu kila asubuhi hukagua tangi kona kwa kona, kama kapita, msimamizi wa wachimbaji mgodini. Mosie Kabemba, mwalimu wetu wa biolojia, alipotueleza kwamba samaki wa aina hii akishakuwa mkubwa kuliko mwenzake huwa jike, darasa zima lilicheka. Mama hakubadilisha jina. “Basi ni kapita mwanamuke,” alisema. “Iko mubaya?”

Katika mwaka wa pili wa tangi lilitokea jambo ambalo Mama husimulia kwa sauti ndogo. Siku ya mkutano wa wazazi aliletwa samaki mpya, mzuri sana, akatiwa tangini moja kwa moja ili wageni wamwone. Baada ya muda mfupi samaki wote walitoka vidoadoa vyeupe, kana kwamba wamenyunyiziwa unga wa mahindi. Ni ugonjwa wa vimelea vinavyoshika ngozi na mashavu. Dawa yake ni shaba, matone machache majini, lakini shaba hiyo huua konokono na viumbe wengine wa tangi, kwa hiyo haiwezi kumwagwa humo. Mama alibaki akitazama. Walikufa wote isipokuwa Kapita na mwenzake.

Tangu wakati ule kuna beseni la buluu katika stoo ya maabara. Kila samaki mgeni hukaa humo peke yake wiki nne, na akiugua hutibiwa humo humo. Mama hutuambia kwamba baba yake aliitoa shaba ardhini kwa magari, naye anaipima kwa matone.

Si wote waliokubaliana naye. Beseni lina maji kidogo. Umeme ukikatika, nasi tunajua unavyokatika, pampu ya hewa husimama, na samaki wa beseni huanza kuhema mapema kuliko wale wa tangini. Mosie Kabemba alilisema hilo kila mwaka. Mama hakumkatalia.

Mwaka huu mwenza wa Kapita alikufa kwa uzee. Kapita aliacha kukagua, akawa anakaa kona moja tu. Tuliposikia kwamba Mama anastaafu, sisi wa madarasa ya sayansi tuliagiza samaki wa aina ile ile awe zawadi yetu, ili Mama asiondoke akimwacha Kapita peke yake. Mgeni alifika katikati ya mwezi wa sita, kwa ndege hadi Lubumbashi, kisha kwa basi juu ya mapaja ya Gradi, kaka yake Florentine wa darasa letu.

Wiki nne zisingetimia kabla ya feti, yaani sherehe ya kumuaga Mama. Tata Prefe Lukusa, mkuu wa lise, alikuja mwenyewe hadi stoo.

“Mama Domi, zawadi yako unaifunga mu gereza? Bantu batakuya kuona nini?”

“Haiko gereza, Tata Prefe. Mugeni anaoshaka miguu mbele ya kuingia mu nyumba.”

“Na feti?”

“Feti itapita. Kapita atabakia.”

Kabla ya wiki mbili vidoadoa vilionekana. Mama alitia matone yake, na mgeni akaanza tena kula. Tulifurahi mapema mno. Jumapili iliyopita umeme ulikatika baada ya misa. Mama alikuja kwa miguu kutoka Kasulo, mtaani kwake, nasi tukapokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ili hewa iingie. Umeme uliporudi, mgeni alikuwa amekwisha kufa.

Huguette, aliyekuwa ameshika kikombe, alilia. “Mama, kama tulimuweka mu maji mingi, angekuwa muzima.”

“Pengine, mwana. Na pengine Kapita angekuwa amekufa. Mi sijuwe.”

Mama aliliosha beseni, akalianika juani, akaenda kumlisha Kapita.

Mama haendi kupumzika katika nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake. Kuta zake zimepasuka kwa mashimo ya madini yanayochimbwa chini ya mtaa, kwa hiyo anahamia Mutshatsha, kwa mdogo wake, kulima. Ni vigumu kwetu kuandika sentensi hii.

Jumatano, saa nzima ya biolojia, tulijadili samaki atakayefuata apokewe wapi. Tulibishana sana. Mosie Kabemba alisema neno lake, kisha akatuachia sisi kuamua.

Mama Domi, asante kwa mikono yako na uvumilivu wako. Uwe na afya huko Mutshatsha, mahindi yako yakubali, na Mungu akutunze. Wimbo wa kukuaga ukiisha, tunakuomba uingie stoo mara moja tena. Utakuta beseni la buluu limejaa maji mapya ya chumvi, na pampu inapuliza kwa betri ya gari aliyotupatia baba yake Florentine. Ndani hamna samaki bado. Akija, ataosha miguu kwanza.