Mvuke wa Mashine ya Kusaga

Hebu jenga picha hii. Benchi la mbao limeegemea ukuta wa nyumba ya mashine ya kusaga nafaka. Juu ya benchi, ukutani, limetokeza bomba la moshi la injini ya dizeli, limezungushiwa neli, kibomba chembamba cha shaba, kama nyoka aliyejiviringisha kwenye tawi. Neli hiyo aliizungusha marehemu kaka yake msagaji, akitaka joto linalopotea na moshi lichemshe maji, na mvuke wake ufanye kazi ya pili. Kesho injini inang'olewa, inafungwa mota ya umeme. Msagaji ameshika kikombe cha kahawa, hanywi.

— Ningekuwa mimi, mvuke ungewasha taa mtaa mzima, alisema Spana, fundi baiskeli.

— Taa tu? alicheka Bingwa, fundi cherehani. Mimi ungeendesha cherehani zangu zote na pasi juu. Suruali inatoka imenyooka kabla mteja hajapimwa.

— Suruali ya shemeji yangu ilikushinda na umeme wako, utaiweza ya mvuke?

— Shemeji yako alinenepa, usinitafute.

— Basi sikia. Mvuke unarudishwa kwenye injini, injini inajisukuma yenyewe. Dizeli unaisahau. Ukizidi, nyumba nzima inang'oka inatembea.

— Ikipita kwangu inishushe.

Msagaji alitabasamu kidogo. Bishano hili lilikuwa na umri wa neli yenyewe, na kaka ndiye aliyekuwa akilichochea, amekaa pale pale alipokaa Bingwa.

— Kaka alitaka uvute maji ya kisima, alisema. Mama asihangaike tena na kamba.

Dada mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amefika na ndoo yake ya mahindi. Akaiangalia neli.

— Shikamooni. Samahani, hii mlishaitia maji?

Spana akamtazama Bingwa. Bingwa akachungulia kikombe chake.

— Tulikuwa hatujakubaliana mvuke uende wapi, alisema Spana.

— Lakini maji mlitia?

Msagaji aliona shingo yake inapata moto. Neli isiyotiwa maji haiwezi kushindwa, na kwa miaka yote hiyo kaka alikuwa hajakosea.

Akaweka kikombe chini. Akachota maji kwenye dumu, akayamimina taratibu kwenye mdomo mmoja wa neli, akauziba. Mdomo wa pili aliuacha wazi. Kisha akaingia ndani, akawasha injini, akamimina mahindi ya dada, akarudi nje kusimama na wenzake.

Walisubiri. Unga ulikuwa umefika nusu ya ndoo ulipotokea kwenye mdomo wa neli uzi mweupe wa mvuke, mwembamba, ukapanda, ukapotea. Hakuna aliyesema uende wapi. Msagaji akanyoosha mkono juu yake, kwa mbali, akaushikilia hapo.

Nakuomba, katika yote haya, ukumbuke jambo moja tu: kiganja chake kililowa.