Niliyemchagua Kwanza Hakuweza Kucheza

Wapendwa wa Buffalo, neema iwe juu yenu. Mimi ni mgeni wenu kutoka Louisville. Wazee wa kanisa wameniomba niseme leo, maana kesho sisi mameneja tunakaa hapa kuchagua wachezaji. Wazazi mpo, vijana mpo. Nikikwama katikati mnivumilie, sijawahi kuyasema haya mbele ya watu.

Kwa asiyejua, jamii zetu za wahamiaji hapa Marekani, Louisville, Columbus na Buffalo, zina ligi ndogo ya mpira. Kila kiangazi vijana wasio na timu wanakusanyika mji mmoja, wanacheza mbele yetu, halafu tunawachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia inachagua kwanza. Ukimchukua kijana unaondoka naye kwenda mji wako, unamtafutia chumba na kazi.

Na mimi, ndugu zangu, nilisifiwa kwa jicho. Sikuangalia mabao. Nilimwangalia mtu akishanyang'anywa mpira: anaukimbilia tena au anashika kiuno? Anayeukimbilia, huyo wangu. Ndivyo nilivyompata kiungo mmoja, Mkongomani, akaja kukaa mtaa wa Newburg, kule kwetu Louisville, na mama yake. Hakushika kiuno hata siku moja. Nyumbani kwangu alikula kama mwanangu.

Jumamosi moja mchana alinyang'anywa mpira, akageuka kuufuata kama kawaida yake. Hakuna aliyemgusa. Alianguka kifudifudi. Refa akamwambia, "Inuka, hakuna faulo." Hakuinuka. Gari la wagonjwa lilikuja, wakamhangaikia pale pale kwenye nyasi, na hospitali wakatuambia amefariki, moyo wake ulikuwa na hitilafu tangu kuzaliwa, hakuna aliyejua.

Mama yake alikuwa kazini, anahudumia wazee. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Aliniona mlangoni nimevaa jezi, akatabasamu, akauliza, "Mumeshinda?"

Nawaambia kweli, swali lile lilinivunja. Nilishindwa kula. Pale ghalani ninakofanya kazi, mwenzangu akiinama kuokota boksi, mimi napiga kelele nikidhani anaanguka, mpaka msimamizi akanirudisha nyumbani. Nilikaa kwenye kochi mapazia yamefungwa. Mke wangu alipiga magoti akaomba peke yake, maana mimi nilimwambia Mungu sitaki kusema naye. Watoto wakipita mbele yangu walinong'ona, "Dad is not okay," wakidhani sisikii. Asubuhi nilikuwa nikiamka nasikitika kwamba nimeamka. Msinitazame hivyo, ndugu zangu. Wapo humu ndani wanaoamka hivyo.

Timu ilifungwa na kila mtu. Tukashika mkia, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuchagua kwanza, kule Columbus. Nikasema siendi, tafuteni mwingine. Basi yule mama akaja nyumbani, yule yule aliyezika mtoto. Akasimama sebuleni na mkoba wake begani.

"Bon, papa. Simama. Mimi nitaenda na weye."

Nikavaa viatu. Tukaenda.

Columbus niliwaomba wenzangu jambo moja tu: kabla hatujachagua, kila kijana apimwe moyo. Daktari mmoja wa jamii yetu alikubali kuja na mashine yake. Meneja mmoja alikasirika. "Tumekuja kuchagua wachezaji, si kufungua hospitali." Lakini alipomwona yule mama amekaa pale, akasogeza kiti chake kumpisha daktari.

Sasa kulikuwa na mshambuliaji kutoka hapa kwenu, East Side. Siku ile alivyocheza, kila meneja alimtaka. Akaingia kupimwa akicheka. Alitoka ameshika fulana mkononi, kifua wazi, alama za gundi ya mashine bado zipo. Akatuambia mwenyewe:

"Daktari anasema moyo wangu hauko sawa. Anasema nisikimbie tena mpaka nionwe na mtaalamu. Lakini mimi sisikii maumivu. Nichagueni tu, nitacheza."

Mameneja wakatazama chini. Wakaniambia, haya, zamu yako. Niliona nyasi tu, na mtu amelala kifudifudi. Nikatoka mbio mpaka kwenye gari. Yule mama akanifuata.

"Unakimbia wapi?"

"Siwezi, mama. Kila ninayemtazama namwona mwanao."

"Mutoto yangu nilimuzika. Ule kule hajakufa. Mukimuacha, kesho ataenda kucheza fasi ingine, kwa watu hawamujue. Muchukue."

"Hawezi kucheza!"

"Donc? Basi nini? Wangu angekaa kwenye benchi mpaka azeeke, ningemushukuru Mungu."

Alianza kulia, mara ya kwanza mbele yangu. Na mimi nikalia. Tulilia pale kwenye maegesho, watu wa duka la jirani wanapita na vitoroli vyao. Kisha nikajifuta uso, nikarudi ndani, nikasema, "Louisville inamchukua yule."

Wengine walicheka. Wengine waliona msiba umenivuruga akili. Mjomba wa kijana, anayekaa hapa jirani Cheektowaga, alinipigia simu kwa hasira: "Hachezi! Unamtakia nini?"

Nikamwambia, "Aishi."

Haikuwa rahisi. Kijana mwenyewe alinichukia. Alisema nimemchagua ili nimfunge. Alijaribu kutoroka kwenda kucheza, nikamvizia uwanjani na kumrudisha. Miadi ya hospitali ilisogezwa mbele na kusogezwa tena, na kila alipochelewa kuamka mimi nilisimama mlangoni kwake nikisikiliza kama anapumua. Hatimaye akafanyiwa upasuaji, akawekewa kifaa kidogo kifuani kinachoushtua moyo ukikosea mapigo. Majira ya baridi yale kifaa kilimshtua akiwa anapanda ngazi. Alipepesuka, akashika ukuta, akakaa chini. Yuko hai. Amekaa kule nyuma, kando ya yule mama. Hachezi. Ananisaidia kuchagua, na ana maneno mengi kuliko mimi.

Msimu ule tulishika mkia tena. Lakini siku moja niligundua nimemtazama kijana mwingine bila kufumba macho, akikimbia kutoka goli mpaka goli. Nikarudi nyumbani, nikafungua mapazia, nikamwambia mke wangu nina njaa.

Namshukuru Mungu aliyenisubiri nilipomnunia. Namshukuru mke wangu aliyeomba kwa niaba yangu, na daktari yule. Mama, wewe nikushukuruje? Ulikuwa na haki ya kunifungia mlango wako, ukaja kugonga wangu.

Funzo langu ni dogo. Sisi mameneja tunapenda kuuliza kijana atatufaa nini. Tuulize kwanza sisi tutamfaa nini. Na wewe unayeamka ukisikitika, mwambie mtu leo, kabla hujatoka humu.

Kesho mashine itakuwa mlangoni kabla ya mpira. Wazazi, waleteni mapema.